Siri ya Zamani Inapobisha Hodi



Wapendwa wanandoa, jioni baada ya chakula wengi wetu huketi mbele ya televisheni kutazama michezo ya upelelezi. Mingine ni ya Marekani, mingine ya Uingereza au Australia, lakini kisa mara nyingi ni kile kile: bwana mpole, jirani mwema, baba wa watoto, kumbe zamani alitenda jambo akalifukia. Siku moja mgeni anabisha hodi, na nyumba nzima inatikisika. Tukizima televisheni tunasema, "Hayo ni mambo ya wazungu," kisha tunaenda kulala.

La, si ya wazungu peke yao. Mwezi wa Mei 2023, huko Paarl, Afrika Kusini, alikamatwa Fulgence Kayishema, aliyekuwa inspekta wa polisi nchini Rwanda. Mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimfungulia mashtaka mwaka 2001 kuhusu mauaji ya Watutsi zaidi ya 2,000 waliokimbilia kanisa la Parokia ya Nyange mwezi wa Aprili 1994. Kanisa lile liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwamo. Paroko wa hapo mwenyewe alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008. Kayishema alikuwa akiishi kwa majina ya uongo. Kama ana hatia au hana, hiyo ni kazi ya mahakama. Sisi tujifunze jambo moja: mtu anaweza kubadili jina na nchi, lakini miaka 29 haikuifuta Aprili ile.

Sisemi kwamba yanayofichwa katika nyumba zetu ni sawa na mauaji. Hasha! Nasema juu ya mzigo wa kuficha. Hapa Lanet karibu kila mtu alitoka kwingine. Wako walioletwa na kazi ya jeshi, wako waliokuja kununua kiploti, wako waliokimbia vurugu za mwaka 1992 na zile za 2007 na 2008. Mtu akihamia mahali ambapo hakuna anayejua nyumba ya baba yake, ni rahisi kuanza maisha na kurasa chache zimechanwa.

*Kijana mwenye bahasha*

Miaka michache iliyopita bwana mmoja na mkewe waliniita kwao usiku. Walikuwa wamefunga ndoa kanisani miaka 14 iliyopita, na Mungu amewajalia watoto watatu. Jumamosi hiyo alikuja kijana wa miaka 18 akiwa na bahasha ya kaki. Hakuja kudai shamba. Alitaka kuchukua kitambulisho. Mama yake alikuwa ameaga dunia, na afisini aliambiwa alete nakala ya kitambulisho cha mzazi. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kuzaliwa chenye jina la yule bwana. Mama watoto alikuwa akipika chapati, na ndiye aliyemfungulia mlango.

Mama yule aliniambia hivi: "Katekista, kijana hana kosa. Angeniambia tangu mwanzo, ningemlea. Lakini sasa nakumbuka kila safari aliyosema anakwenda Molo kumwona mama yake, na sijui ipi ilikuwa ya kweli."

Mume alijibu kwa sauti ndogo, "Nilikuwa nangoja wakati mzuri."

Wapendwa, wakati mzuri hauji wenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mama hakuumizwa na jambo la zamani. Aliumizwa na miaka 14 ya kufichwa. Jambo ukilisema wewe mwenyewe, ni kosa moja la kusamehewa. Likisemwa na mgeni mlangoni, yanakuwa mawili, na la pili ndilo zito, kwa maana linaharibu hata siku njema mlizoishi pamoja.

*Ni yapi ya kusema?*

Si kila jambo la ujana linahitaji kusimuliwa. Dhambi uliyoitubu, ambayo haikuacha mtu wala deni nyuma yake, huna lazima ya kuieleza nukta kwa nukta. Lakini lililo hai bado lisemwe: mtoto, ndoa ya awali ya kanisani, ya serikali au ya kimila, ugonjwa unaoweza kumwambukiza mwenzako, mkopo mkubwa, kesi mahakamani. Ikiwa ulimdhuru mtu, kumweleza mkeo hakutoshi. Aliyedhurika naye anadai haki yake.

Kwa wachumba, mambo haya ni ya kabla ya altare. Matangazo ya ndoa hayasomwi kwa urembo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1069, inawataka waamini wanaojua kizuizi chochote wamweleze paroko. Kanuni ya 1098 inasema ndoa ni batili ikiwa mmoja alidanganywa kwa makusudi ili akubali, kuhusu jambo linaloweza kuvuruga vibaya maisha ya ndoa. Lakini msijihukumie wenyewe jikoni. Neno hilo huamuliwa na mahakama ya Kanisa.

Wengine husema, "Nilishaungama kwa padre." Vema sana. Kitubio kimekuondolea dhambi, lakini mtoto bado yupo. Usipomleta wewe, ataletwa na mazishi yako. Sheria ya Urithi ya Kenya inamhesabu pia mtoto wa nje ambaye baba alimkubali kuwa wake. Je, mkeo mjane aujue ukweli kando ya jeneza?

*Namna ya kusema na kupokea*

Wewe mwenye siri, chagua saa ambayo watoto wamelala na hakuna aliyekunywa. Sema yote kwa mara moja. Ukisema nusu leo na nusu mwezi ujao, hutaaminiwa tena. Usimlaumu yeyote, wala usidai msamaha usiku huo huo.

Wewe unayepokea, una haki ya kulia na kunyamaza. Omba siku kadhaa. Usikimbilie kuwaeleza majirani wala jumuiya. Mwendeeni paroko, au wanandoa wazee wenye vifua. Na kijana aliyezaliwa asilipizwe.

Tena, kuna siri ambayo si dhambi bali ni jeraha. Mwezi wa Januari 2008, Nakuru na Naivasha zilipowaka moto, wako walioingiliwa kwa nguvu na hawajamwambia mtu hadi leo. Mtu wa namna hiyo hana la kuungama. Asilazimishwe. Mwenzake amwonyeshe kwa upole kwamba siku akitaka kusema atasikilizwa.

Ndugu za Yosefu walimdanganya baba yao kwa kanzu yenye damu. Miaka mingi baadaye, wakiwa Misri kutafuta chakula, hakuna aliyewauliza habari za ndugu yao. Wao wenyewe walianza kulitaja kosa lao (Mwanzo 42). Moyo hauzeeki pamoja na siri.

Na wale wa Lanet? Jumatatu asubuhi walikuwa bado hawajasemezana, lakini mama ndiye aliyemwambia mumewe atoe ile nakala ya kitambulisho kabla kijana hajapanda matatu. Imewachukua karibu mwaka kukaa tena kwa amani. Krismasi iliyofuata kijana alikula kwao.

*Maswali ya kujadiliana wawili*

1. Je, kuna jambo ambalo ningeona vibaya ulisikie kwa mtu mwingine?
2. Je, nimewahi kukufanya uogope kuniambia ukweli?
3. Tumwombe nani atusindikize tukilemewa?

Mungu azibariki nyumba zenu. Amina.