Kuchagua Programu ya Nakala za Akiba

Historia ya kale ya Kilwa, iliyotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, imetufikia kwa sababu ilinakiliwa. Hati ya asili hatunayo. Nakala moja iliandikwa Unguja mwaka 1877. Sultani Barghash alimpa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, na leo imo katika Maktaba ya Uingereza, London. Habari zinazofanana nayo zilichapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552. Matini hizi mbili zinatofautiana katika orodha ya wafalme, na kwa kuzilinganisha mtafiti huweza kugundua kosa. Aidha, mtunzi aliahidi sura kumi, ilhali nakala ya Unguja inakomea sura ya saba.

Mwalimu wa Kilwa Masoko au Lindi anayehifadhi alama za wanafunzi katika kompyuta ya nyumbani anakabiliwa na jambo lile lile. Programu za kumsaidia ni za namna mbili, nazo huchanganywa mno.

Namna ya kwanza ni ya diski pacha. Kila kiandikwacho katika diski ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili, hata moja ikifa kazi haisimami. Lakini pacha hana kumbukumbu ya jana. Ukifuta faili la alama kwa bahati mbaya, au kirusi kikiliharibu, diski zote mbili hupokea hasara hiyo kwa pamoja.

Namna ya pili hunakili kwa vipindi, tuseme kila usiku, na kuweka matoleo ya siku zilizopita. File History ya Windows na Time Machine ya Apple ni za kundi hili. Programu ya rsync, iliyotolewa mwaka 1996, huweza kupeleka sehemu zilizobadilika tu, sifa kubwa penye mtandao wa polepole. Ila haiweki matoleo ya zamani isipoagizwa. Kwa matumizi ya nyumbani, sisi tungeanza na namna hii ya pili.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukulie kwamba uwezekano wa diski kufa katika mwaka ni 1/20. Uwezekano wa mbili kufa ni 1/20 × 1/20, yaani 1/400. Jibu hili ni sahihi iwapo tu matukio hayo hayategemeani. Diski mbili ndani ya sanduku moja hupigwa na radi moja, huibwa na mwizi mmoja, na huliwa na hewa ile ile ya chumvi. Basi nakala moja ikae nje ya nyumba, kwa ndugu wa mji mwingine ikiwezekana. Intaneti peke yake haitoshi: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na mawasiliano ya Tanzania yakazorota vibaya.

Kwa kuwa umeme hukatika, chagua programu isiyofuta nakala ya zamani kabla mpya haijakamilika.

Zoezi: Rejesha toleo la wiki iliyopita la faili moja katika kompyuta nyingine. Pima muda uliotumika. Kisha hesabu kurasa zake hadi ya mwisho, ukiikumbuka ile sura ya saba.