Taima Ikilia, Itamtaja Nani?

Kombewa, kule Seme, ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa, homa si habari mpya. Tuseme unamtengenezea mhudumu wa afya ya jamii programu ya simu ya kukumbusha dozi za AL, dawa ya malaria. Dawa hii humezwa mara sita: papo hapo, baada ya saa 8, kisha saa ya 24, 36, 48 na 60. Kuweka taima ni rahisi. Kazi ni kuhakikisha kila taima inajua ni ya mgonjwa gani.

1. Chunga lupu. Umewapitia wagonjwa watatu kwa JavaScript, kila mmoja ukamwekea taima, na kigeu umekitangaza kwa var. Saa ikifika, taima zote zinamtaja wa mwisho. Fankisheni haikuhifadhi thamani. Inasoma kigeu chenyewe, na lupu ilishamaliza zamani. Mtoto wa kilo 12, ambaye dozi yake ni kidonge 1, anaandikiwa 4 vya baba yake! Tumia let, iliyokuja 2015. Kila mzunguko utapata kigeu chake.

2. Angalia mabano. setTimeout(kumbusha(mgonjwa), muda) huiita fankisheni sasa hivi. Andika setTimeout(kumbusha, muda, mgonjwa).

3. Ipe taima namba ya mgonjwa tu, si rekodi nzima. Ikilia ndipo usome hifadhidata. Huenda tangu asubuhi uzito umesahihishwa, au mgonjwa kapewa rufaa.

4. Kwenye Android, usiiachie taima ya ndani ya programu kazi ya saa 60. Mfumo huzima programu zilizokaa kimya. Tumia AlarmManager, na kila PendingIntent uipe namba yake ya ombi. Namba zikifanana, mfumo huona kikumbusho kimoja hata kama data ya ziada (extras) ni tofauti, na cha pili hufuta cha kwanza. Simu ikizimika, vyote hupotea: vipange upya ikiwaka.

5. Kumwona mgonjwa tena siku ya 28? setTimeout ya kivinjari hukomea milisekunde 2,147,483,647, yaani siku 24 na ushei. Ukizidisha, hulia papo hapo. Hifadhi tarehe.

Halafu ijaribu kwa wagonjwa watatu wenye uzito tofauti. Ukijaribu na mmoja, kosa la kwanza halionekani kabisa.