Jazi Chuoni: Funzo kwa Fasihi Simulizi

Je, sanaa iliyozaliwa nje ya darasa yaweza kufundishwa chuoni bila kupoteza uhai wake? Jazi ni kielelezo mwafaka. Ilichipuka New Orleans miongoni mwa Wamarekani Weusi, na wanagenzi wake walijifunza kwa kusikiliza na kuiga mafundi. Chuo cha ualimu cha North Texas kilipoanza kuitolea shahada mnamo 1947, kiliiita "bendi ya dansi", kwani neno jazi halikuwa na heshima. Barani Afrika, Chuo Kikuu cha Natal kiliianza mwaka wa 1983 chini ya Darius Brubeck.

Leo mwanafunzi wa taaluma nyingine huweza kuisoma jazi kama somo dogo kando ya somo lake kuu. Hufunzwa historia, nadharia na upigaji katika bendi. Kiini chake ni ubunaji wa papo kwa papo: katika bluzi ya baa 12, mfuatano wa kodi hudumishwa, ilhali kila mpigaji hubuni melodia yake juu yake. Ndivyo afanyavyo malenga anayejibizana jukwaani akibanwa na vina na mizani.

Mwaka wa 1968 jijini Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai fasihi simulizi ipewe nafasi kuu chuoni. Hata hivyo, ngano inayochambuliwa karatasini pekee ni sawa na jazi isiyopigwa. Mtahini wa fasihi simulizi hana budi kumsikiliza mwanafunzi akitamba mbele ya hadhira.