Baba yao mdogo anamtaka mmoja tu

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini wilayani Makete. Mwaka juzi mwenzangu wa kikoba alifariki, na mumewe alikuwa ameshatangulia. Siku ya kuanua matanga mtendaji wa kijiji aliniomba nikae na watoto wake wawili, "wiki mbili tatu hivi", mpaka ndugu wapatikane. Hawakupatikana. Sasa binti ana miaka 13 na mdogo wake wa kiume 9. Mume wangu anapasua mbao kwa kibarua, mimi nalima viazi. Sahani zimekuwa saba.*

*Yule mdogo anakojoa kitandani, na anaficha chakula. Juzi nimekuta matonge ya ugali yameota ukungu kwenye begi lake la shule, ameyafunga kwa karatasi ya daftari. Nikampiga. Kitinda mimba wangu ananiuliza, "Mama, hawa wanaondoka lini?" Majirani wanasema nakula hela za wafadhili, wala sijaona hata shilingi. Sasa yamekuja mawili kwa mpigo. Mtu wa kituo cha yatima cha mjini amefika, akawapiga picha watoto, akasema atawachukua wote wawili wakasome shule ya Kiingereza. Na baba yao mdogo ametokea Makambako, anamtaka binti tu. Yule wa kiume, anasema, tubaki naye sisi. Anaulizia pia shamba la misindano aliloacha marehemu kaka yake.*

*Nimechoka, dada. Naona aibu kuandika hili: wiki iliyopita nilichemsha yai moja nikampa mwanangu kwa siri ili wale wasione. Nikiwapeleka kituoni nitakuwa nimetenda dhambi?*

*Mama wa Viazi, Makete*

Mama wa Viazi, pokea salamu na pole. Nianze na swali lako, maana najua umelisubiri. Dhambi hujatenda. Lakini kituoni usiwapeleke, na huyo binti usimtoe kwa mtu yeyote mpaka umalize kusoma jibu hili.

Kilichokuchosha si watoto wawili. Umeachiwa peke yako jambo la kijiji kizima. Mtendaji alikukabidhi watoto kwa mdomo, kwenye msiba, akaondoka na daftari lake. Hakuna aliyerudi kuuliza wanalala wapi wala wanakula nini. Hapo ndipo pa kurekebisha, na panarekebishika bila kuwahamisha watoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitambua familia kama yenu, na kanuni za malezi ya kambo zilitoka mwaka 2012. Wewe na baba watoto mnatakiwa kufika kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kuomba kutambuliwa kuwa walezi wa kambo. Mtendaji wa kata anaweza kukuandikia barua ya utambulisho. Afisa atakuja nyumbani, ataangalia mnavyoishi, atazungumza na watoto na kuandika taarifa yake. Usiogope kwamba ataona umaskini. Atakuta sufuria yenye viazi, blanketi za kugawana na watoto wanaokwenda shule, na nyumba nyingi za Makete ziko hivyo hivyo. Umaskini peke yake hautoshi kumtoa mtoto kwa watu wanaomlea. Kama kinachokosekana ni shuka na unga, kitafutwe shuka na unga.

Ukishatambuliwa, mambo matatu yanabadilika. Kwanza, hakuna atakayekuja kuwabeba watoto kwa sababu tu ana gari la kituo na kamera. Pili, afisa ana wajibu wa kupita kuwaona, na wewe una haki ya kumdai apite. Tatu, unaweza kuwaandikisha kama watu wa kaya yako. Kama mko kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, waambie kamati ya kijiji waingize majina yao. Kama hampo, ulizia kwenye mkutano wa kijiji walengwa wapya wanaandikishwa lini. Mshahara wa kulea usiutegemee. Ada hazilipwi tangu 2016, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula cha shule vipo palepale. Afisa akija, mtajie hayo kimoja kimoja na bei zake. Usiseme tu "hali ngumu".

Sasa huyo mtu wa kituo. Sheria inayaweka makao ya watoto mwisho kabisa, baada ya ndugu na baada ya familia nyingine kushindikana. Makao yanatakiwa yawe na leseni, na mtoto haingii humo kwa makubaliano ya mlangoni. Muulize leseni, na muulize barua ya ustawi wa jamii. Mwambie pia afute zile picha. Wapo wanaoendesha makao kwa moyo safi, na wapo watoto ambao kwa kweli hawana pengine pa kwenda. Wako wana pa kwenda, na wameshafika.

Chukua mfano: nchini Romania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti kutoka Marekani waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika makao ya Bucharest. Nusu walipelekwa kwa kura kwenye familia za kambo, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya makao. Waliokwenda kwenye familia waliwashinda wenzao kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na mtu, hasa waliotolewa makaoni kabla ya kufika miaka miwili. Wanaousimulia utafiti huu huishia hapo. Mimi naongeza: familia zile zilikuwa zinalipwa, na maofisa walikuwa wakipita kuwasikiliza walezi. Rwanda nayo, ilipoanza mwaka 2013 kuwatoa watoto kwenye vituo, iliandaa walezi wa kujitolea vijijini, wanaoitwa Malayika Murinzi, wakafundishwa na kutambuliwa hadharani. Wengi wao si matajiri. Ila mlezi wa namna hiyo anajua mlango wa kugonga mambo yakimzidi. Wewe wako umekuwa mlango wa mhariri wa gazeti, na haitoshi.

Tuje kwa kijana wetu. Mtoto aliyezika baba na mama kabla ya kufika darasa la tatu ameshajifunza kwamba kitu kinaweza kuwepo leo na kesho kisiwepo. Ule ugali wa kwenye begi ndio akiba yake. Hakuwa anakuibia, na wala si utovu wa adabu. Usimpige tena kwa jambo hilo. Tafuta kopo lenye kifuniko, liandike jina lake, umwambie mbele ya wenzake wote kwamba hili ni lake na halitakaa tupu. Weka humo viazi vya kuchemsha au mahindi ya kukaanga, ubadilishe kila jioni. Ukiweza, wape watoto wote watano kila mmoja kopo lake. Miezi ya kwanza atakula hata usiku. Muache. Siku atakapolisahau kopo lake hutahitaji kuambiwa na mtu.

Kuhusu kitanda, weka nailoni chini ya shuka, mwamshe akojoe kabla nawe hujalala, na asubuhi shuka ifuliwe bila tangazo. Wenzake wasilisikie jina la jambo hilo kutoka kinywani mwako. Kisha mpeleke zahanati apimwe mkojo. Huko huko, kwa faragha, omba apimwe na virusi vya UKIMWI. Nakuandikia wazi kwa sababu mkoa wenu wa Njombe ndio ulioongoza nchini kwa maambukizi katika utafiti wa 2022/23, asilimia 12.7 ya watu wazima, wakati taifa lilikuwa 4.4. Watoto wengi huko kwenu wamebaki yatima kwa njia hiyo, na mtoto anayeanza dawa mapema anakua na kusoma kama wengine. Na dada yake apimwe. Majibu yawe yenu na mhudumu tu.

Huyu baba mdogo sasa. Ukoo wao usiukatae, na usimfukuze mtu mlangoni. Watoto hawa watahitaji siku moja kujua kaburi la babu liko wapi, na yeye ndiye wa kuwaonyesha. Lakini kuna maswali anayotakiwa kuyajibu mbele ya watu. Kwa nini binti na si mdogo wake? Atasoma shule ipi, na amekwishaulizia nafasi? Atalala na nani? Nyumbani kwake kuna mtoto mchanga au genge linalohitaji mikono? Binti wa miaka 13 anayechukuliwa peke yake na ndugu asiyemwona tangu msiba mara nyingi anakwenda kuosha vyombo vya watu. Sisemi huyu yuko hivyo. Nasema akaguliwe kama wewe utakavyokaguliwa, na anayekagua awe afisa ustawi. Na kanuni ya malezi ni kwamba ndugu wa tumbo moja hawatenganishwi bila sababu nzito. Akiwataka wote wawili kwa nia njema, na nyumba yake ikionekana inafaa, hilo litazungumzwa upya, nawe utakuwa na sauti katika kikao hicho.

Shamba la misindano ni la watoto. Kifungu cha 10 cha sheria niliyoitaja kinakataza mtu kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake. Njia ya kuilinda inaanzia kwenye kikao cha ukoo chenye muhtasari ulioandikwa na kusainiwa, kisha Mahakama ya Mwanzo pamoja na vyeti vya vifo vya wazazi wote wawili. Vyeti hivyo, kama havijachukuliwa, anza kuvifuatilia RITA wiki hii. Binti atavihitaji tena siku atakapoomba mkopo wa chuo. Mahakama itateua msimamizi wa mirathi, naye anapaswa kuiletea orodha ya mali na baadaye hesabu ya alivyoigawa. Msimamizi anaweza akawa huyo huyo baba mdogo, hakuna ubaya, maadamu hesabu inasomwa mahakamani. Wakati hayo yakiendelea, mwambie mtendaji wa kijiji, kwa barua na nakala ubaki nayo, kwamba shamba lile ni la mirathi na asigonge muhuri kwenye mauziano yoyote. Misindano haina haraka. Kila mwaka inaongeza unene na bei. Mwenye haraka ni mnunuzi.

Nimeacha yai nyuma kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Hakuna mlezi mwaminifu atakayekuambia anawapenda sawasawa aliyemzaa na aliyeletewa na msiba. Moyo una mwendo wake, hauamrishwi. Mikono ndiyo inayoamrishwa. Kwa hiyo angalia mikono: nani anatumwa maji asubuhi ya baridi, nani anabaki shambani viazi vinapovunwa wakati wenzake wako darasani, nani ananunuliwa kandambili wa mwisho. Kama majina yanazunguka, unalea vizuri. Yai moja ligawe kwenye mchicha, wote wale. Na kitinda mimba wako, ambaye swali lake ni la haki kabisa, mpe muda wako. Nenda naye sokoni peke yenu, mbebe mgongoni kama zamani, msikilize. Mwambie ukweli kwamba hawa hawaondoki karibuni, na kwamba yeye hajapungua kitu kwako. Anahitaji kulisikia mara nyingi.

Kwa majirani usijitetee mtu mmoja mmoja. Ukishapata barua ya ustawi wa jamii, mwombe mwenyekiti aisome kwenye mkutano wa kijiji, kisha sema kwa sauti kinachopungua nyumbani. Wenzako wa kikoba walikuwa wenzake marehemu pia. Waombe kitu chenye jina: debe la mahindi kila mwezi kwa zamu, au jozi ya sare mwezi wa kwanza. Anayesema unakula hela za wafadhili naye apangiwe zamu.

Kabla ya yote haya, kaeni chini wewe na mumeo, maana barua yako haikunieleza yeye anasemaje. Ombi hili ni lenu wawili. Kama hataki, afisa ajue mapema ili atafute familia nyingine hapo hapo kijijini, karibu na shule yao na karibu na wewe. Ukiona afisa haji, au baba mdogo akataka kumchukua binti kwa nguvu, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, haina malipo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Kisha zungumza na binti. Ana miaka 13, na sheria inampa haki ya kutoa maoni kwa jambo linalomhusu. Katika barua yako yote sijaona mahali alipoulizwa. Usimuulize mbele ya baba yake mdogo, wala mezani. Mkiwa mnapalilia wawili tu, muulize anataka kuishi wapi na anaogopa nini, na jibu lake liandike kama alivyolisema, ulipeleke kwa afisa pamoja na ombi lenu.