SOMO LA WIKI: Tanuru la umeme na soko la chuma chakavu

Septemba 30, 2024 tanuru la mwisho la makaa ya mawe lilizimwa katika kiwanda cha Tata Steel, Port Talbot, Wales. Ujenzi wa tanuru la umeme la tani milioni 3 kwa mwaka ulianza hapo Julai 2025. Gharama ni pauni bilioni 1.25, na pauni milioni 500 kati yake zinatoka serikalini. Watu zaidi ya 2,000 wamepoteza kazi. Mwenye yadi ya chuma chakavu anahusikaje?

Tuanzie ndani ya tanuru. Madini ya chuma yakichimbwa huwa ni chuma kilichoshikana na oksijeni, ndugu yake kutu. Kaboni ya makaa ndiyo inayoinyakua oksijeni hiyo na kutoka nayo kama gesi. Basi makaa si kuni tu. Ni sehemu ya kazi yenyewe, na kubadili moto peke yake hakutoshi. Kila tani ya chuma cha namna hii huacha hewani zaidi ya tani 2 za gesi ya kaboni.

Chuma chakavu kilikwisha kutolewa oksijeni zamani. Kinachotaka ni joto, na umeme unalo. Kampuni ilitangaza kuwa gesi ya kiwandani itapungua kwa asilimia 90. (Umeme ukitoka kwenye makaa ya mawe, sehemu ya faida hiyo huliwa huko.)

Iko njia nyingine, ya haidrojeni. Sweden ilitoa chuma cha kwanza cha aina hiyo mwaka 2021, lakini Juni 2025 ArcelorMittal iliacha mipango yake ya Ujerumani ikilalamikia gharama. Kwa sasa chakavu ndicho chenye uhakika zaidi.

Tatizo lake ni shaba. Waya au mota ikiingia tanuruni pamoja na bodi ya gari, shaba huchanganyika na chuma, na kuitoa tena ni kazi ngumu mno. Ikizidi, chuma hupasuka kikipitishwa kwenye rola kingali cha moto. Nondo huvumilia kiasi. Bati la kuundia gari halivumilii. Port Talbot hutengeneza bati, kwa hiyo haitapokea kila kinachobebwa na lori.

Uingereza imezoea kuuza nje zaidi ya nusu ya chakavu chake, na mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani ni Uturuki. Tani zitakazobaki Wales, Uturuki itazitafuta kwingine. Kwa maoni yetu, mvutano utakuwa kwenye mzigo safi kuliko kwenye chakavu kwa jumla.

Viwanda vingi vya nondo Afrika Mashariki navyo huyeyusha chakavu kwa umeme. Mwenye yadi anayeng'oa mota na nyaya kabla ya mzigo kupanda mizani huuza shaba kwa bei ya shaba, na chuma chake hupanda daraja.