Kitabu juu ya dungu

Ulaya yetu haina theluji. Ni kata ya Wilaya ya Kilosa, njiani ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi, na kila mgeni akishuka kwenye basi hutuletea utani uleule tuliousikia tangu utotoni. Mimi nilifundisha shule ya msingi hadi nikastaafu. Sasa nina sanduku la bati lenye vitabu vya Kikristo ninavyoazimisha, na daftari la safu tatu: jina, kitabu, tarehe ya kurudisha. Safu ya tatu ndiyo yenye uongo mwingi. Maswali haya nimeulizwa mlangoni kwangu, barabarani na baada ya ibada.

Shikamoo Mwalimu. Nyumbani nina Biblia. Kwa nini nijisumbue na vitabu vilivyoandikwa na watu kama mimi?

Marahaba, mwanangu. Hujakosea, ni maneno ya watu. Lakini hata mahubiri ya Jumapili ni maneno ya mtu, na bado unapiga shati pasi kwenda kuyasikiliza. Kitabu cha imani kinachofaa ni cha mtu aliyeliamini Neno, likamgharimu, akakaa chini akaieleza gharama yenyewe.

Mchukue Festo Kivengere. Alikuwa mtu wa Kigezi, Uganda, aliyefundisha shule Dodoma kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1940. Kiswahili chake kikawa cha kusimamia jukwaa: Billy Graham alipohubiri Moshi mwaka 1960, Kivengere ndiye aliyemtafsiria. Baadaye akawa askofu kwao. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere na mkewe Mera wakatoroka usiku, wakavuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huohuo akatoa kitabu kwa Kiingereza, ambacho jina lake ukilitafsiri ni “Nampenda Idi Amin”. Humo hajifanyi malaika. Anakiri kwamba chuki ilikuwa imeanza kumla yeye mwenyewe, wala si Amin.

Kitabu hicho niliwahi kuwatafsiria watu kama kumi, aya kwa aya, jioni tatu mfululizo. Jioni ya kwanza mzee mmoja aliyepigana na jeshi la Amin katika Vita vya Kagera alisimama, akakung'uta suruali, akaondoka bila kuaga. Jioni ya pili alikuja, akakaa mbali juu ya kinu kilichopinduliwa. Ya tatu alisogea mkekani. Hakusema amesamehe, nami sikumuuliza. Ila Biblia ilikuwa nyumbani kwake miaka yote hiyo, na amri ya kumpenda adui alikuwa akiijua kwa moyo. Alichokuwa hajawahi kupata ni mtu wa kubishana naye juu ya amri hiyo.

Mwalimu, mimi nina watoto wanne na shamba la mpunga. Nisome saa ngapi? Na mume wangu akiniona na kitabu mchana anasema nimekuwa mvivu.

Mama, mpunga ukishaanza kutia maziwa unashinda wapi? Si juu ya dungu, unaamia ndege? Kwelea kwelea wanashuka kwa kundi, unapiga debe, wanahamia kwa jirani, halafu panakuwa kimya. Kimya hicho kinatosha ukurasa mmoja.

Nimemwona mwenzako mmoja wa hapahapa. Kitabu amekivika jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, amekitoboa pembeni na kukifunga kamba ya katani, na ncha ya pili ya kamba ameifunga kwenye mguu wa dungu ili kikimponyoka kisitumbukie majarubani. Anasoma sentensi, anainua macho, anapiga debe, anarudi. Alama yake ya ukurasa ni unyoya wa kwelea. Kijitabu cha kurasa 64 kilimchukua msimu mzima. Siku alipokirudisha nilimuuliza kinasema nini, akanisimulia mpaka chai ikapoa. Mimi niliyekimaliza kwa siku mbili nilikuwa nimesahau nusu yake. Tangu hapo nimeacha kuwasifu watu wanaosoma haraka.

Kuhusu baba watoto, usibishane naye. Msomee. Mara nyingi kinachomuudhi si kitabu, ni kuona wewe umo ndani na yeye ameachwa nje. Subiri amalize kula, chagua mahali penye kisa, si penye mafundisho, kisha katiza pale kisa kinapokolea, useme usingizi umekushika. Kesho atakuuliza mwenyewe.

Mama yangu hajui kusoma. Je, vitabu hivi havimhusu?

Vinamhusu kuliko unavyodhani. Hapa kwetu kitabu husomwa na mmoja na kusikilizwa na watano, na mimi nachagua vitabu kwa kipimo hicho: kwanza nakisoma kwa sauti, peke yangu, nikiwa nimefunga mlango. Sentensi ikinikata pumzi katikati, kitabu hakiingii sandukuni.

Corrie ten Boom wa Uholanzi alifungwa na Wanazi mwaka 1944 kwa kosa la familia yake kuwaficha Wayahudi. Katika kambi ya Ravensbrück yeye na dada yake Betsie walikuwa na Biblia moja waliyoingia nayo kwa kificho. Wakiisoma jioni, waliwafasiria wenzao kwa Kijerumani, na kutoka hapo maneno yakapokewa kitanda hadi kitanda kwa Kifaransa, Kipolandi, Kirusi. Wafungwa wengi pale hawakuiona hata herufi moja ya kitabu kile. Bweni lilijaa viroboto. Betsie akasema tushukuru kwa ajili ya viroboto pia, na Corrie akaona sasa dada amezidi. Baadaye wakagundua kwamba walinzi walikuwa hawaingii bwenini kwa kuwaogopa hao viroboto, ndiyo maana kusoma kuliwezekana. Betsie alifia kambini Desemba mwaka huo. Corrie akatoka, akaisimulia habari yote katika kitabu kilichotoka mwaka 1971.

Kisa cha viroboto nimekisimulia kwa akina mama wasiojua a wala be, na ndicho kinachorudi mdomoni mwao kila shida ikija. “Mwalimu, hiki nacho ni kiroboto?” wananiuliza, mvua ikikataa au mtoto akirudishwa nyumbani kutoka shule.

Na usisahau kwamba Buganda, katika miaka ya 1880, Wakristo waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Sisi nasi neno “somo” tunalitumia kwa kipindi cha darasani, kwa usomaji wa kanisani, kwa mtakatifu uliyepewa jina lake na kwa kungwi anayemfunda mwali. Kusoma kwetu tangu zamani kuna mtu wa pili pembeni.

Nitakijuaje kitabu cha uongo? Niliuziwa kimoja stendi, kikaniahidi gari ndani ya siku 40.

Pole. Gari likija utatupitia.

Anza na ukurasa wa ndani, ule ambao hakuna anayeusoma. Kuna mchapishaji mwenye jina na mji? Vitabu vya Central Tanganyika Press vinatoka Dodoma. Vya Wabenediktini vimechapwa Ndanda na Peramiho. Waadventista wamekuwa na kiwanda chao cha uchapaji hapo Morogoro. Kitabu cha Kikatoliki huwa na ruhusa ya askofu, jina na tarehe. Si kwamba nyumba hizi hazikosei. Ni kwamba wakikosea, unajua mlango wa kugonga. Kitabu kisicho na mchapishaji bali namba ya simu ya kupokelea pesa, tena imerudiwa kila sura, hicho ni bakuli la sadaka lenye jalada.

Kisha mtafute mwandishi ndani ya kitabu chake. Je, kuna mahali ameshindwa? Mtu aliyeandika kurasa 200 za imani bila kukosea hata mara moja ama hajaishi ama anaficha. Halafu wahesabu maadui. Kuna vitabu ambavyo mtu akivimaliza anatoka na orodha: shangazi mchawi, jirani mwenye kijicho, mama mkwe aliyefunga nyota. Kimoja cha namna hiyo kiliwahi kupita hapa kijijini, na ndugu wawili hawakusalimiana masika mazima. Nilikinunua kwa aliyekuwa nacho nikakiwashia moto wa kuchemshia maharage, jambo ambalo mwalimu hapaswi kulisema hadharani.

La mwisho ni la haraka kwa sababu halina mjadala. Kitabu kikikwambia uache dawa za hospitali ili uonyeshe imani, kifunge. Meza dawa, sali.

Vingi vimeandikwa na Wazungu na Wamarekani. Wanazungumzia mkopo wa nyumba na foleni za magari. Sisi vinatuhusu nini?

Vingine havituhusu kabisa, na huna haja ya kuona aibu ukivirudisha. Mwandishi anayekushauri upumzike kwa kutenga wikendi moja hotelini kando ya ziwa anazungumza na mtu mwingine.

Lakini umbali wa nchi si kipimo. John Bunyan alikuwa Mwingereza fundi wa kuziba masufuria, akafungwa gerezani Bedford kwa kuhubiri bila kibali, na mwaka 1678 akatoa kitabu ambacho kwa Kiswahili tunakiita Safari ya Msafiri. Mtu ana mzigo mgongoni, yuko njiani kwa miguu, na mapema kabisa anazama kwenye tope la kukata tamaa. Mwambie mtu yeyote aliyekwama barabara za Kilosa wakati wa masika kwamba hicho ni kitabu cha kigeni! Watoto niliowasomea kipande hicho walinisahihisha: walisema yule jamaa alikosea kutovua viatu.

Ninacholalamikia mimi ni kingine. Watu wetu wana shuhuda nzito na hawaziandiki. Januari 2010 baada ya mto Mkondoa kufurika, Kilosa kulikuwa na familia zinazolala kwenye mahema, na nilisikia humo sala ambazo hakuna kitabu sandukuni mwangu kinazifikia. Zimebaki vichwani mwa waliozisali, nao wanazeeka.

Mwalimu, mimi ni bodaboda Mikumi. Sina muda wa kitabu, nina simu tu.

Basi simu inatosha. Wamoravian, ambao wengi wetu tunawajua kwa ndugu zetu wa Rungwe walikofika mwaka 1891, wamekuwa wakichapa andiko moja la kila siku tangu mwaka 1731. Andiko moja linasomeka abiria akiwa bado anahesabu chenji. Ila usilisome ukiwa umewasha pikipiki kwenye barabara kuu ya Iringa. Malori yale hayajui kama unasali. Na vitabu vinavyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp bila ridhaa ya mwandishi, mimi sivipokei. Wengine wanasema neno la Mungu ni bure. Wino, karatasi na mchana wa mchapaji si bure.

Nasoma lakini Kiswahili chake kinanishinda. Ni mimi au ni kitabu?

Mara nyingi ni kitabu. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja, kazi aliyoianza Askofu Edward Steere na kufa mwaka 1882 kabla haijaisha, ilikamilika mwaka 1891. Mombasa wakatoa yao mwaka 1914. Ile ya Union, ambayo bibi zetu wanaijua kwa kunusa, ni ya mwaka 1952. Vitabu vingi vya zamani vya imani vimefuata lugha ya matoleo hayo, na ni lugha nzuri. Inapanda na kushuka kama mawimbi, inataka isomwe kwa sauti. Ukiona inakukwaza, Habari Njema ya miaka ya 1990, iliyotafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, itakusogeza karibu. Kinachonichosha mimi ni vile vinavyotafsiriwa siku hizi mbio mbio, ambapo kila neno ni la Kiswahili lakini hakuna Mswahili aliyewahi kulisema.

Jirani yangu Muislamu ameona kitabu changu kuhusu kulea watoto, anakiomba. Nimpe?

Mpe. Usimwekee karatasi ya mwaliko katikati ya kurasa. Naye ana vyake. Muulize shehe wao anafundisha nini juu ya jambo hilohilo, mtapata mazungumzo ya wiki nzima. Andika jina lake daftarini kama unavyoandika la Mkristo mwenzako, na tarehe.

Mchwa wamekula nusu ya Tenzi za Rohoni. Nifanyeje?

Nusu iliyobaki iokoe leo. Mchwa hupanda kutoka sakafuni na ukutani, kwa hiyo rafu ya mbao iliyoegemea ukuta wa udongo ni meza umewaandalia. Sanduku la bati juu ya mawe matatu linasaidia, na lifungue juani kila baada ya wiki mbili, maana unyevu nao ni adui. Kama huna sanduku, fanya anavyofanya shemeji yangu: vitabu ameviweka kwenye kikapu, kikapu amekitundika darini jikoni, karibu na mahindi ya mbegu, moshi unakipitia asubuhi na jioni. Karatasi inageuka rangi ya chai, lakini haiguswi na mdudu. Vitabu vyake vikirudi kwangu sihitaji kufungua daftari kujua vimetoka kwa nani.