Mzaha Uliopoteza Saini

Aliyetazama XYZ Show, kipindi cha kejeli cha vikaragosi kilichoanza nchini Kenya mwaka 2009, hakuhitaji kuambiwa kwamba yule kwenye skrini si rais. Pua ilikuwa ya mpira, mdomo ulifunguliwa na mkono wa mtu aliyejificha, na sauti ilitiwa chumvi makusudi. Gado, mwasisi wake, alikuwa akichora katuni za magazetini kwa njia hiyo hiyo: sura iliyokuzwa kupita kiasi na saini ya mchoraji. Mtu alicheka au alikasirika, lakini hakudanganyika. Hata fumbo la kwenye kanga liko hivyo: aliyefumbiwa anajua kafumbiwa.

Akili unde imeondoa mpira na wino. Leo mwenye simu anaandika sentensi mbili, na programu inamletea waziri akikiri wizi kwa sauti yake mwenyewe, hata na mikunjo ya shati. Mtengenezaji amekusudia mzaha na marafiki zake wanajua hivyo. Kinachoharibu ni safari ya kutoka simu hadi simu.

Julai 2024 ilitoka Marekani video yenye sauti ya bandia ya Kamala Harris, Makamu wa Rais wa wakati huo, akijidhihaki. Aliyeitengeneza aliandika kwamba ni mzaha. Elon Musk alipoisambaza kwenye mtandao wake wa X, maelezo hayo yalibaki nyuma. Kwenye WhatsApp zetu mambo huwa mabaya zaidi: mmoja anakata ukingo wa picha, pale pale palipokuwa na alama ya mzaha, mwingine anaongeza “sambaza kabla haijafutwa”, jioni imeshafika kwenye kundi la familia, na shangazi anauliza kama ni kweli waziri amejiuzulu.

Watu wengi wanaogopa shangazi ataamini uongo. Sisi tunaogopa zaidi siku atakayokataa kuamini ukweli. Gabon waliliona hilo mapema. Rais wa wakati huo, Ali Bongo, aliugua kiharusi Oktoba 2018, akatibiwa nje ya nchi, na mwaka 2019 ulipoingia wananchi wakaonyeshwa video yake akitoa salamu. Uso ulionekana mgumu, na baadhi ya watu wakasema hiyo ni kazi ya kompyuta. Tarehe 7 Januari wanajeshi wakajaribu kupindua serikali, wakashindwa. Haikuthibitishwa kamwe kwamba video ile ilikuwa bandia, na Bongo alionekana hadharani baadaye. Shaka ilichangia kuwasha moto. Shaka hiyo hiyo ni kichaka cha kiongozi aliyerekodiwa kweli akipokea hongo: atasema ni akili unde, na nusu ya nchi itamwamini.

Hatusemi watu waache kuwakejeli wakubwa. Desemba 2024 vijana kadhaa wa Kenya walitoweka baada ya kuweka mtandaoni picha na maneno ya kumkosoa Rais William Ruto, zikiwemo za kejeli. Baadhi yao walipatikana Januari 2025, na polisi walikana kuhusika. Kumteka mchekeshaji hakulindi ukweli hata kidogo. Kejeli ni haki ya raia, nasi tunaitetea pamoja na saini yake.

Kwa hiyo, wewe unayetengeneza, weka neno MZAHA ndani ya picha yenyewe, katikati, mahali ambapo mkasi hauwezi kulitoa bila kuiharibu. Tia chumvi hadi ionekane. Nawe unayepokea, usitegemee tu kuhesabu vidole vya mtu pichani ili kubaini bandia, kwa sababu programu za sasa zinachora vidole vizuri. Uliza nani aliiweka kwanza, na kama redio au gazeti unaloliamini limeitaja.

Ukigundua umeshasambaza mzaha kama habari, usiufute kimya kimya. Rudi kwenye kundi lile lile, uandike: “Ile video niliyoleta jana ilikuwa mzaha, si habari.” Kisha mtumie ujumbe huo yule aliyekuletea, maana naye ana makundi yake.